Firimbi Niliyotoka Nayo Burma

Wazee wetu, akina mama, wageni wetu wapendwa, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu kwa furaha kubwa. Nimeona mlango umefungwa, nikafurahi zaidi.

Mchungaji ameniomba niseme Kiswahili leo kwa sababu tuna wageni kutoka stesheni ya reli, na yuko mwenye duka wetu ambaye kwao ni pwani. Basi mtanivumilia. Kiswahili changu nilikipata kambini, na kambini tulikitumia kupiga kelele kuliko kuongea. Mwenye duka, nikikosea cheka tu, usinisahihishe, maana tukianza hiyo kazi tutalala hapa.

Kuna watu wawili mnapaswa kuwajua kabla sijaanza. Mke wangu ameketi pale kando ya dirisha. Asubuhi nikinywa chai ameniambia nisitie chumvi, na nikitia, atakohoa. Halafu hapa mbele yuko mama mmoja mzee na kiondo chake, kile kikapu cha kwetu cha kamba. Yeye amepewa kazi ya kuninyamazisha nikizidi muda. Atafanyaje, sitasema sasa. Nitawafikisha kwake polepole.

Ndugu zangu, mimi mnayeniita mwalimu, nusura nifukuzwe chuoni kabla sijajua kushika chaki vizuri. Sikuwa mlevi. Sikuwa mvivu. Kama ingekuwa uvivu tu, ningekuwa salama. Kilichotaka kunifukuzisha ni kuchimba.

Mimi ni mtu wa Tulia, kule Kitui. Vita vikubwa vilipoanza nilikuwa kijana wa mbuzi na ngoma, nimeoa juzi tu. Lori la kuandika askari lilipofika sokoni, nilipanda na wenzangu tukiimba, na nafikiri wengi wetu tulidhani tunapelekwa Nairobi, tutarudi wiki ijayo. Nilirudi baada ya kuvuka bahari na kutembea katika misitu ya Burma, ambako mvua inanyesha mpaka unasahau kwamba duniani kuna vumbi. Wenzangu wengine walibaki kule. Leo sitakaa kwenye habari hiyo, ila mjue kwamba nawakumbuka.

Nilirudi nikiwa sajini. Nilikuwa na koti refu, buti nzito, na firimbi ya shaba yenye kamba nyeupe. Hiyo firimbi, ndugu zangu, nikiipuliza wanaume wazima wanaruka, wanafunga mikanda, wanasimama mstari mmoja. Mtu akishazoea jambo kama hilo, linamharibu kidogo. Anaanza kufikiri dunia yote inangojea firimbi yake.

Lakini nilirudi na kitu kingine pia. Vita vilipokwisha tulikaa kambini tukingoja meli, na mwenzetu mmoja kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa amesoma, alianza kutufundisha kusoma. Tulikaa chini ya turubai, ubao wetu ulikuwa mbao za kasha la risasi. Siku niliyosoma neno zima peke yangu, nililia. Mimi, sajini. Neno lenyewe lilikuwa "maji". Nilishawahi kunywa maji, kuyachota, kuyavuka, karibu yaniue mara kadhaa, lakini siku hiyo niliona kana kwamba ndiyo kwanza nakutana nayo. Nikasema moyoni mwangu: nikifika nyumbani, nitafanya kazi ya yule mtu.

Nyumbani walinipokea kwa mbuzi na vifijo. Hata chifu alikuja. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Wewe utakuwa askari wangu. Buti tayari unazo." Watu wakacheka, wakaona jambo limekwisha. Mke wangu alingoja wageni waondoke. Walipoondoka, aliketi karibu nami akasema, "Baba, umepiga kelele miaka yote ya vita. Ulisema unataka kufundisha. Nenda basi ukajifunze kuongea na watoto. Lakini ukirudi hapa bila kuwa mwalimu, kamba ya punda utaishika wewe. Utakwenda mtoni wewe, mimi nitakaa kivulini na wanawake wenzangu watakuja kukuangalia."

Wageni wetu, huenda hamjui mto wa kwetu wakati wa kiangazi. Hauna maji ya kuonekana. Unachimba mchanga mpaka bega linapotea, halafu unangoja kibuyu kijae tone kwa tone. Na mwanaume na ndevu zake akionekana anapanga foleni pale na wasichana, atatungiwa nyimbo mpaka soko la Matinyani. Hamjasikia mtu akikohoa? Basi ni kweli tupu. Nikaenda chuoni.

Chuo kilikuwa katika milima hii hii yetu ya Makueni. Jina lake sitalitaja, na mlioko hapa mnakijua. Walikuwa wanatufundisha tuwe walimu wa shule ndogo za vijijini. Mkuu wa chuo alikuwa Mzungu mzee mwenye sauti ndogo, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Wanafunzi wenzangu walikuwa vijana wembamba waliotoka shule moja kwa moja, shingo zao hazijawahi kuchomwa na mkanda wa bunduki. Nilipoingia siku ya kwanza na koti langu, darasa lote lilisimama. Walidhani mimi ndiye mwalimu mpya. Nikawaambia wakae, nikaenda kuketi nyuma, na dawati likalia.

Hapo shida yangu ikaanza. Mwalimu wa hesabu akiita jina langu, nilikuwa nasimama kwa kishindo, napiga buti chini, napaaza sauti, "Sir!" Mara ya kwanza alidondosha chaki. Mara ya pili nyasi zilianguka kutoka kwenye paa zikamwingia kichwani. Akaniomba kwa upole nisimame kama watu wengine. Nikajaribu, lakini miguu ilikuwa imeshasomea mahali pengine.

Kiranja wa bweni letu alikuwa kijana ambaye ndevu zake unaweza kuzihesabu kama unaona vizuri. Ndiye aliyeniambia, "Leo ni zamu yako kuosha sufuria." Ndugu zangu, niliosha. Lakini nikiosha nilikuwa nahesabu watu wote niliowaamrisha kuosha sufuria kwa miaka ile, na niliona kama wote wamesimama nyuma yangu wanacheka.

Tunafurahi leo, lakini niseme na hili. Nilikuwa mpweke. Jeshini, kila saa inajulikana utafanya nini. Chuoni, jioni wanatuacha tusome, na mimi nilikuwa nasoma nikifuata mstari kwa kidole, midomo inatembea, wakati watoto wale wamefungua ukurasa wa mbele zamani. Niliona aibu. Kulikuwa na mmoja tu aliyekaa nami bila kunicheka, kijana mrefu, mpole, kutoka Tseikuru, kule kukavu kaskazini, mtoto wa wafugaji. Alinisaidia Kiingereza, nami nilimfundisha kufunga kamba za viatu, maana hakuwa amevaa viatu tangu azaliwe. Tulikuwa tunafaana namna hiyo.

Sasa, mtu mwenye aibu hutafuta pahali anapoweza kuonekana mkubwa tena. Mimi nilikuwa na firimbi.

Wiki ile ile ya kwanza, alfajiri, niliona vijana wanaamka mmoja mmoja, wanajinyoosha, mwingine anatafuta soksi, mwingine anarudi kulala. Nikasema, hapana, hii si namna. Nikatoka nje, nikasimama juu ya jiwe, nikapuliza firimbi kama tulivyokuwa tukipuliza kambini. Milima yetu mnaijua, sauti inazunguka. Vijana walitoka mbio na mablanketi. Lakini kuna kitu sikukitegemea. Mlima wa ng'ambo ukaanza kutembea. Nilitazama vizuri nikaona ni ng'ombe. Kila boma lilikuwa limefunguliwa, wazee na watoto wanaswaga ng'ombe kuelekea bondeni, mama mmoja amebeba ndama mabegani, mbwa wanabweka, hakuna anayesema neno.

Nyinyi wazee mnacheka kwa sababu huenda mlikuwa miongoni mwao. Wageni nitawaeleza. Huku kwetu wakati ule, firimbi ikilia alfajiri maana yake serikali imekuja kuhesabu ng'ombe. Na ng'ombe wakishahesabiwa, mara nyingi wanapunguzwa, wengine wanachukuliwa wakauzwe. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Ukambani, nilikuwa nimeamsha nchi nzima ikakimbia.

Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa anajaribu kutocheka, na masharubu yake yalikuwa yanamsaliti. Akaniambia, "Sajini, vita vimekwisha. Waambie na hao ng'ombe." Akanikataza kupuliza firimbi. Halafu, nafikiri kwa kunionea huruma, akanipa kazi. Akasema, "Unajua kuongoza watu. Chukua shamba la chuo. Mvua ikikaribia nataka mitaro ya kuzuia maji kule juu mlimani."

Hapo nilirudi kuwa mtu. Mitaro! Kuna mtu chuoni aliyechimba kuliko mimi? Sikuuliza mtu yeyote. Niliwapanga vijana mistari miwili, majembe begani, tukapanda mlima kwa hatua. Nikawaonyesha mimi mwenyewe kwa kamba na vigingi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtaro wa shambani, kama mnavyojua, unafuata usawa wa mlima, maji yatulie ndani, udongo uyanywe polepole. Lakini handaki la vita halichimbwi namna hiyo. Handaki linapinda, kulia, kushoto, juu, chini, ili bomu likianguka kwenye kona moja, lisiwamalize watu wote. Na mimi nilichimba ninachokijua. Nilichimba handaki zuri kabisa juu ya mlima wa Ukambani, lenye kona kali, kina cha kifua, kuta zimenyooka. Kama adui angetokea upande wa Machakos, angejuta.

Vijana walichoka, wakaanza kuniuliza, "Sajini, adui atatokea upande gani?" Nikawajibu, "Adui ni maji! Chimba!" Rafiki yangu wa Tseikuru aliegemea jembe lake akanitazama kwa huzuni. Akasema, "Mzee, kwetu sisi maji tunayaomba. Hatujawahi kupigana nayo." Nikamwamuru achimbe. Rafiki yangu wa pekee, nikamwamuru.

Chini ya mlima ule, nje ya ua wa chuo, palikuwa na shamba la mama mmoja mjane. Alikuwa amepanda mahindi, kunde na mbaazi, kila mstari umenyooka, majani yameanza kutoka. Hilo ndilo lililokuwa chakula chake cha msimu.

Mvua ilikuja mchana, ile yetu inayokuja na hasira. Tulisimama barazani tukitazama. Mwanzoni nilikuwa na furaha, nikawaambia vijana, "Angalieni kazi." Maji yakaingia handakini. Yakaanza kutembea ndani, yakafika kwenye kona ya kwanza yakashuka, kona ya pili yakashuka, yote yakakusanyika kwenye kona ya mwisho iliyokuwa chini kuliko zote. Yakakaa pale, yakapanda. Halafu ukuta ukapasuka. Mlio wake niliusikia kifuani. Mawe, matope na maji vikashuka kwa pamoja, na vilipotulia, shamba la yule mama halikuwako. Palikuwa na tope jekundu tu, na shina moja la mbaazi limesimama katikati.

Hapo hakuna aliyecheka. Na hapa pia naona mmenyamaza.

Yule mama hakuja kupiga kelele. Nilingoja aje anitukane, ingekuwa nafuu. Kesho yake mkuu aliniita, na safari hii masharubu yalikuwa yametulia. Akaniambia, "Hiki chuo kiko hapa kwa sababu majirani walikubali kiwe hapa. Mbegu chuo kitampa. Lakini kama unabaki au unaondoka, hilo nimemwachia yeye. Nenda kwake. Akisema uondoke, utafunga mizigo yako leo hii."

Ndugu zangu, nilikwenda kama sajini, maana sikujua namna nyingine. Nilipaka buti rangi, nikafunga vifungo vyote vya koti, nikasimama mbele ya nyumba yake nikapiga saluti. Yeye alikuwa anapepeta mtama. Alinitazama mpaka mkono wangu ukaanza kuchoka pale kichwani.

"Mwaitu," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu, kwa heshima. "Mwaitu, nimekuja kutengeneza. Nitaleta vijana wote wa chuo, nitawapanga, kwa siku moja kila kitu kitakuwa tayari."

"Hapana," akasema. "Vijana wako nimeshaiona kazi yao."

"Basi mwaitu, unataka nifanye nini?"

Akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Alhamisi mwethya wetu unachimba hapa kwangu. Njoo na jembe. Hizo buti ziache huko huko."

Mwethya mnaujua, lakini mwenye duka pengine haujui. Ni majirani wanaochimbiana mashamba kwa zamu, leo kwako, siku nyingine kwangu, na huu ulikuwa wa akina mama watupu. Wanaume wanaweza kuwa na mwethya wao, lakini sajini kwenda peke yake, miguu mitupu, katikati ya kanga na vicheko, hilo mimi sikuwa nimeliona. Nilikaa kitandani nikawaza kufunga mizigo bila kuambiwa. Kisha nikaiona kamba ya punda. Niliiona kabisa, na wasichana wa mtoni wamejipanga. Alhamisi nilikwenda.

Hakuna aliyenipa amri. Nilisimama nikingoja amri, hakuna. Mama mmoja alianza kuimba, wengine wakaitikia, majembe yakapanda na kushuka na wimbo. Kila mtu alichukua kipande chake. Nikasema moyoni, hapa sasa nitawaonyesha. Nikachimba kama ninayefukuzwa. Jasho linatoka, udongo unaruka, sitazami kulia wala kushoto. Nikamaliza kipande changu wa kwanza, mbali sana mbele yao. Nikajinyoosha, nikaegemea jembe, nikageuka kuwatazama, nikingoja sifa.

Wimbo ukakatika. Majembe yote yakasimama. Akina mama wote wananitazama, na mimi natabasamu, sijui lolote. Kumbe katika mwethya, mtu akimaliza wa kwanza hasimami. Anageuka, anaingia kwenye kipande cha jirani yake, wanakutana katikati. Anayesimama akatazama wengine, ni kama amewaambia wote kwamba ni wavivu na yeye ndiye mwenye shamba. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kuhesabu, na mimi pia nililijua zamani, kabla ya lori. Vita vilikuwa vimelifuta.

Basi yule mama mjane mwenyewe akaanza wimbo mpya, akiutunga pale pale:

"Musikali amemaliza, eeh,
amemaliza peke yake!
Mpeni kiti akae, eeh,
atuhesabu kama ng'ombe!"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Musikali ndio askari kwa lugha yetu. Na wimbo wa namna hiyo ukikulenga, sharti uujibu kwa wimbo, la sivyo utakufuata mpaka kaburini. Kijana wa ngoma wa Tulia angejibu papo hapo. Mimi nilitafuta kichwani nikakuta hakuna kitu, ila wimbo mmoja wa mwendo tulioutunga wenyewe kule porini, wa kijinga kabisa, unaosema, "Twende, twende, nyumbani kuna uji, nani atabaki nyuma uji ukipoa." Nikauimba kwa sauti ile ya kambini, haraka haraka, huku nimerudi kuchimba kwenye kipande cha jirani yangu.

"Ngoja!" yule mama akasema. "Unafukuzwa na nani? Punguza."

Nikapunguza. Nikauimba kwa mwendo wa jembe. Na hapo, ndugu zangu, akina mama wakauitikia. Wimbo wa askari, wakaugeuza, wakaongeza maneno yao ambayo siwezi kuyasema kanisani, na mlima mzima ukawa unadai uji. Nilichimba nikiwa nacheka. Nikagundua kwamba sijacheka namna hiyo, na watu karibu yangu, tangu niliposhuka kwenye meli. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani anaona.

Niseme hapa, mbele ya Mungu, siku hiyo ndiyo niliyorudi kutoka vitani. Lile lori la kunileta Tulia lilileta koti tu.

Nilikwenda kila Alhamisi. Tulilifukia handaki langu, tukachimba mitaro inayofuata mlima, tukapanda upya na mvua ikatuhurumia. Rafiki yangu wa Tseikuru nilimwomba msamaha, akaja naye, na viatu vyake vimefungwa vizuri shingoni.

Lakini hukumu yangu ilikuwa bado. Mkuu alimwendea yule mama akamwuliza, "Mwaitu, umeamuaje? Huyu abaki au aende?" Mimi nilikuwa nyuma ya mkuu, moyo unapiga kuliko nilipokuwa chini ya mizinga. Mama akashangaa, akasema, "Aende wapi? Amepanda na mimi. Mkimwondoa, mimi nitavuna na nani?"

Hayo tu. Akarudi kwenye kazi yake.

Kulikuwa na mtihani mmoja umebaki, ule wa kufundisha mbele ya mkaguzi. Mkaguzi aliketi nyuma ya darasa, kofia magotini. Mimi kwa hofu nikarudia ya zamani. "Darasa! Simama!" Watoto wakaruka. Nikauliza swali la hesabu kwa sauti ya kambini. Hakuna aliyejibu. Niliwatazama macho nikaona ni macho yale yale ya majirani wanaoswaga ng'ombe bondeni. Darasa langu lilikuwa linanikimbia limesimama pale pale.

Nikavuta pumzi. Nikawaambia wakae, na mimi nikaketi, chini, kwenye sakafu pamoja nao. Nikamwaga punje za mahindi zilizokuwa mfukoni mwangu. Nikawaambia tugawane, tuone kila mtu anapata ngapi, na atakayemaliza wa kwanza asikae, ageuke kwa jirani yake. Nikaanza wimbo wa uji. Baada ya muda mfupi lilikuwa soko, si darasa, kila mtoto anahesabu, anabishana, anamwonyesha mwenzake. Nilimsahau mkaguzi kabisa, mpaka nilipomwona ameinama anamwuliza msichana mmoja mdogo, "Mwalimu wenu anafundisha vizuri?"

Mtoto akafikiri. Akasema, "Anafundisha vizuri. Lakini kuimba hajui."

Nilipita, ndugu zangu. Punda wetu hakunizoea mpaka alipokufa.

Sasa nashukuru. Namshukuru yule mkuu mzee, ambaye angeweza kunifukuza kwa kalamu tu, akanipeleka kwa mtu. Namshukuru rafiki yangu wa Tseikuru, ambaye leo ana shule yake kule kwao, na nasikia hata ng'ombe wa kule wanamheshimu. Nawashukuru akina mama wa mwethya, wengine mko hapa na mnaficha nyuso. Namshukuru mke wangu, aliyejua kunitisha kwa kitu sahihi. Namshukuru Mungu aliyenirudisha mzima na kunipa pahali pa kuanzia.

Na kama kuna kijana hapa aliyetoka pahali alipokuwa mkubwa, iwe jeshini, iwe kazini Nairobi, iwe popote, na sasa anaanza upya kati ya watu wasiojua ukubwa wake, nina neno moja tu kwako. Usisimame umeegemea jembe. Geuka, kuna mtu kando yako ambaye hajamaliza. Anza hapo. Ukubwa wako atauona huyo huyo, wala hutahitaji kuutangaza.

Najua mnataka kujua firimbi iliishia wapi. Tulipovuna, yule mama aliniuliza, "Kile kidude chako cha kukimbiza watu, bado unacho?" Nikamwambia ninacho, nimekatazwa kukitumia. Akanyoosha mkono. Nikavua ile kamba nyeupe shingoni nikampa. Tangu siku hiyo anakaa kwenye jukwaa lake shambani, mtama ukikomaa, anapuliza firimbi ya Burma kufukuza ndege. Msimu wa kwanza wazee wengine bado waliswaga ng'ombe. Siku hizi ikilia, watu wanasema tu, mtama wa mama umeiva, na wanachukua miundu wanakwenda kumsaidia. Mimi niliipuliza, watu wakakimbia. Yeye anaipuliza, watu wanakuja. Nimefikiri jambo hili miaka mingi, na bado nilikuwa na mengi ya kuwaambia juu yake, kwa mfano siku moja...

Haya! Firimbi mmeisikia wenyewe. Ilikuwa ndani ya kiondo muda wote.

Sawa, mwaitu. Nimesikia. Nakaa.